Hofu ya Mchana: Jinsi Augure Ilivyojengwa

Augure (2023) ni filamu ndefu ya kwanza ya Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Ilirekodiwa Lubumbashi na Kinshasa, kisha miji hiyo ikaunganishwa kuwa mmoja usio na jina. Mkazi wa Lubumbashi anayeitazama anautambua mgodi, lakini mtaa hawezi kuutaja.

Koffi (Marc Zinga) anarudi kwao na Alice, mwenzake Mzungu mwenye mimba ya mapacha. Baba yuko mgodini, haonekani. Koffi alizaliwa na doa usoni, ndiyo maana kwao anaitwa Zabolo, yaani shetani. Anapompakata mtoto mchanga wa ndugu yake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Ugonjwa au uchawi? Filamu haijibu. Inaonyesha damu, halafu nyuso za jamaa, na hofu inazaliwa katika nyuso hizo. Giza, ambalo filamu nyingi za kutisha hulikimbilia, halihitajiki sana hapa: rangi ni kali na jua linawaka.

Fumbo linashikiliwa na mpangilio. Hadithi imegawiwa watu wanne: Koffi, Paco kijana wa mtaani, Tshala dada yake Koffi (Eliane Umuhire), na Mama Mujila, mama wa Koffi na Tshala (Yves-Marina Gnahoua). Kila mmoja ametiwa doa la uchawi kwa namna yake. Mujila, ambaye mwanzoni ni mama wa moyo mgumu, amewekwa mwisho. Zamu yake inapofika, mtazamaji aliyekwisha kumhukumu analazimika kurudi nyuma. Hakuna uamuzi wa kiufundi ulio bora kuliko huo katika filamu nzima.

Sehemu ya Paco inaazima ngano ya Hansel na Gretel ya ndugu Grimm, na kuwavika vijana wa genge lake magauni ya waridi. Mavazi yanasimulia vizuri. Mchanganyiko wenyewe, kusema kweli, unakimbizwa mno.

Baloji alimwandikia kila mhusika albamu yake, nne kwa jumla, ili sauti zao zisifanane. Ndiyo sababu Tshala hasikiki kama kivuli cha kaka yake.

Cannes, katika kitengo cha Un Certain Regard, iliipa tuzo ya sauti mpya. Kwenye mbio za Oscar ilipelekwa na Ubelgiji, si Kongo.