Mawe ya Kilwa na Maneno ya Kilwa

Lugha ikipewa heshima na serikali au na baraza la mataifa, yafaa kuuliza imeheshimiwa kwa sababu gani. Mwaka 2004 serikali ya Bara Hindi ilikitangaza Kitamil kuwa lugha ya kale yenye utukufu, nacho kilikuwa cha kwanza kupewa daraja hilo. Kipimo kilikuwa maandishi: lugha iwe na vitabu vya zamani sana, ambavyo wenyewe wavihesabu kuwa urithi wao, wala visiwe vya kuazima.

Kiswahili nacho kimepata heshima. Novemba 2021 UNESCO iliiweka tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani, na hakuna lugha nyingine ya Afrika iliyotangulia kupewa siku namna hiyo. Twafurahi. Lakini sifa zilizotajwa zaidi ni kwamba lugha hii yaunganisha watu wengi, na kwamba tarehe hiyo mwaka 1954 TANU iliichukua kuwa chombo cha kupigania uhuru. Ni kama kumsifu mzee kwa nguvu za mikono yake, yale aliyoyasema yasiulizwe.

Kilwa ilitukuzwa mapema zaidi. Mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika urithi wa dunia. Kilichoandikwa ni mawe: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza. (Mwaka ule ule wa 2004 magofu haya yalitiwa katika orodha ya mahali penye hatari, yasitolewe mpaka 2014.) Maneno ya Kilwa yametawanyika. Barua zilizoandikwa huko mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, ambazo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili yaliyobaki, zi Goa, katika Bara Hindi ile ile. Nakala ya tarikh ya Kiarabu i London. Habari za Kilwa kwa Kiswahili zilichapwa Berlin mwaka 1907 katika kitabu cha Velten, Mjerumani.

Tarikh na habari hizi zastahili kusomwa pamoja. Katika tarikh, mwenye kisiwa ni kafiri aliyekiuza kwa nguo za kukizunguka, akaenda zake bara. Kisha mkondo ukachimbwa asiweze kurudi. Ni hadithi ya mnunuzi mwerevu. Katika Kiswahili nguo zipo, lakini mambo yamegeuka. Mwenyeji ana jina, Mrimba, naye ni Mmachinga. Mshirazi akamwoa binti yake. Na mtoto aliyezaliwa, akiisha kukua, alimwendea babu yake bara, akapewa mamlaka. Basi haki ya kutawala haikutoka katika nguo, bali kwa babu mzaa mama. Aijuaye pwani hii hatashangaa, maana kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao ukoo ulifuatwa kwa mama. Msimulizi wa Kiswahili aliitia hadithi ya wageni katika sheria ya wenyeji, wala hakusema kwamba anafanya hivyo. Hapo ndipo ubora wake, nasi twamhesabu kuwa mwandishi kuliko yule wa tarikh.

Asichukuliwe, hata hivyo, kuwa shahidi wa Washirazi wa kwanza. Habari zake zakusanywa zama za Wajerumani, nazo zaonyesha jinsi wazee wa wakati ule walivyouelewa mji wao. Hilo si dogo, na mawe hayawezi kulisema: mgeni azuruye Husuni Kubwa huona jumba la sultani, hamwoni Mrimba. Leo katika kila mji wa Tanzania wachuuzi watembezao bidhaa huitwa wamachinga, na wanafunzi wetu hulitamka jina hilo bila kujua kwamba Kilwa ndilo jina la kabila la mwenye kisiwa.

Liko na jambo la usemi. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, Kimgao cha pwani ya Kilwa kimesahihishwa darasani kana kwamba ni kosa. Walimu walioko Kivinje, Masoko na Lindi, wakipata kwa wazee masimulizi ya Mrimba, na wayaandike kama yasemwavyo, neno kwa neno, pamoja na jina la kijiji na mwaka.