Kamba Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Kufundishia Uendeshaji wa Vyombo vya Tanga

Istilahi hupimwa kwa usahihi wa maana yake, ufupi wake, na ulinganifu wake na istilahi nyingine za fani ile ile. Katika uendeshaji wa vyombo vya tanga kuna kipimo kingine kilicho kikali zaidi: neno likipigiwa kelele wakati wa dhoruba, je, asikiaye atashika kitu kinachotakiwa? Makala hii inakusudia kuhakiki kwa kipimo hicho lugha ya mafunzo ya mashua kwa ajili ya watu wa visiwa na mwambao wa Ziwa Viktoria.

Klabu za mashua za tanga, kama ile ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1933, zilizaliwa katika enzi ya ukoloni, na lugha yao ikawa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, afasiriye mafunzo ya aina hiyo hushawishika kuanza upya, kana kwamba Kiswahili hakijapata kutweka tanga. Lakini manahodha wa Lamu, Unguja na Kilwa walikuwa na msamiati wao zamani, na mwingi umo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939: omo na tezi, foromali, jarari, demani, kwenda joshi, kupiga bisho.

Tuchukue mfano mmoja. Upepo wa ghafla ukilipiga tanga na chombo kikalala upande, amri ya kwanza ni kulegeza kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ili upepo upite. Mfasiri huandika, "Achia kamba." Kamba ipi? Jarari ndiyo ipandishayo foromali. Ikiachiwa, foromali na tanga vitawaangukia waliomo. Amari ni ya nanga. Baharia wa Pwani husema, "Legeza demani!" na hapana swali. Tafsiri ile si kosa la sarufi. Ni kosa la fani.

Hali kadhalika "kulia" na "kushoto". Maneno haya hufuata mwili wa asemaye: aliyeelekea tezi na aliyeelekea omo hawana kulia kumoja. Goshini na demanini hufuata upepo, ambao ni mmoja kwa wote waliomo chomboni.

Hata hivyo, si haki kuyapokea maneno ya Pwani bila kuyahakiki nayo. Mfikirie kijana wa Mbuba, wilayani Ngara. Nyumbani husema Kihangaza au Kishubi; Kiswahili amejifunza zaidi shuleni, na bahari iko mbali mno. Akienda kutafuta kazi ya uvuvi Chato, katika mwambao uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo hadi mwaka 2005, neno demani kwake litakuwa geni sawa na la Kiingereza. Tena neno lenyewe lina maana zaidi ya moja: ni kamba, ni upande usiopigwa na upepo, na pia ni jina la majira. Usanifu hauna budi kuchagua maana moja kwa ajili ya darasa na kuitangaza.

Ziwa nalo lina utata wake. Boya ni kielea cha wavu. Ni alama iwekwayo majini kuonyesha njia. Na siku hizi ni vazi la kujiokolea pia. Abiria aambiwaye "shika boya" atafute lipi? Hapa "jaketi okozi" linafaa zaidi, ijapokuwa ni jipya.

Mnamo tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Hapana istilahi iwezayo kukiokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Lakini elimu ya usalama majini hupita katika maneno, na maneno yenye utata huidhoofisha.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, orodha ya istilahi za tanga ianze kwa manahodha, si kwa kitabu cha kigeni. Pili, wavuvi wa Ukerewe, Ukara na Chato waulizwe wao huviitaje vitu hivyo, na palipo na neno la ziwani lililo wazi kuliko la Pwani, lichukuliwe. Tatu, kila istilahi ijaribiwe majini kabla ya kusanifiwa, mbele ya mwanafunzi kutoka bara kama yule wa Mbuba. Akishika kamba inayotakiwa, istilahi imefaulu.