Kabla hujanukuu eHRAF kuhusu Wachagga

Kila muhula maktaba za vyuo hututumia tangazo lilelile: kanzidata mpya imeongezwa, ingia kwa nywila yako, karibuni. Watu wa anthropolojia wakiliona jina eHRAF World Cultures wanafurahi, na wana haki. Ila tangazo lenyewe linakuonyesha mlango tu; ndani kuna nini, utajua mwenyewe.

Uzuri wake upo, tena mkubwa. HRAF ilianzishwa mwaka 1949 pale Yale, Marekani, ikiendeleza kazi ya George Peter Murdock. Wazo lao: chukua vitabu na makala kuhusu jamii za dunia, vipitie, kila kipande kipe namba ya mada. Zamani ilikuwa karatasi kwenye makabati, leo ni mtandaoni, na namba zinafika hadi kwenye aya. Uchawi ni 754. Urithi, 428. Unachagua Wachagga, unaweka 428, na sekunde chache tu unapata aya ambazo ungezisaka wiki nzima. Na aliyeziweka namba ni binadamu aliyeisoma aya akaamua inahusu nini.

Sasa, aya hizo ni za nani? Kwa Wachagga, chanzo kimoja kikubwa ni Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyeishi Old Moshi, na kitabu chake cha 1926 kuhusu sheria za Wachagga. Kwenye eHRAF unakisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Yaani wazee walieleza kwa Kichagga, yeye akaandika kwa Kijerumani, Wamarekani wakatafsiri, na leo mwanafunzi kutoka Kibosho anamnukuu "mtaalamu" kuhusu babu zake mwenyewe. Gutmann si wa kudharau. Aliijua lugha, na mengi aliyoyaandika huyapati penginepo. Lakini alikuwa na lake: aliamini ukoo, ujirani na rika ndiyo misingi ya kujengea kanisa, na aliogopa ustaarabu wa Ulaya usiivunje. Mtu wa namna hiyo ataona zaidi kilichotulia kuliko kinachobadilika.

Halafu kuna suala la namba zenyewe. Chukua kihamba. Ni shamba la migomba, ni nyumbani, ni urithi, ni mahali walipozikwa wazee. Kwenye mfumo wa Murdock, mali isiyohamishika ina namba yake (423), urithi una yake, kilimo na mazishi vivyo hivyo. Ni kweli aya moja inaweza kupewa namba kadhaa, tusiwaonee. Ila anayetafuta kwa haraka huweka namba moja, na kihamba kinamjia kama kipande cha mali tu.

Kinachoniudhi zaidi ni tasnifu zinazoandika "Wachagga hurithisha hivi" kwa wakati uliopo, wakati aya ina karibu miaka 100. Na hapa eHRAF haina kosa! Fungua taarifa za chapisho husika: utakuta mwaka wa kuchapishwa, kipindi cha utafiti uwandani, hata kama mwandishi alikuwa mmisionari au mwanaanthropolojia. Tatizo aya inakuja peke yake, na wengi hawabofyi zaidi. Maktaba ingeweza kuongeza sentensi moja kwenye tangazo lake: angalia tarehe ya uwandani kabla ya kunukuu.

Na usiishie kwa Gutmann. Sally Falk Moore, katika Social Facts and Fabrications (1986), anafuatilia sheria hizohizo za Kilimanjaro kuanzia 1880 hadi 1980: kahawa inaingia, ardhi inabana, ndugu wanagombea vihamba, na "mila" inabadilishwa huku ikiitwa mila vilevile. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, 428 inaanza kuwa na maana. Kama huna nywila, JSTOR inaruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi bure ukijisajili, na Swahili Forum iko wazi kabisa. Bando tu ndilo lako.