Lalamiko lilitangulia, barua ikafuata

Tuliache suala la nani alifaidi na nani hakufaidi na mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mimi nasema na hotuba ya Edward Lowassa ya kujiuzulu uwaziri mkuu, tena na kipande kimoja tu cha hotuba, kwa sababu hicho ndicho kilichoiharibu.

Mnaikumbuka. Dodoma, Februari 7, 2008, siku moja baada ya Dk. Harrison Mwakyembe kuwasilisha bungeni taarifa ya Kamati Teule iliyouchunguza mkataba huo. Spika Sitta anampa Waziri Mkuu nafasi. Sauti ya Lowassa imetulia, hababaiki, hamtukani mtu. Vizuri.

Lakini anaanzia wapi? Kwenye lalamiko. Kamati imemtuhumu bila kumwita ajieleze, amedhalilishwa. Kisha anasema ametafakari na kuona kwamba tatizo ni uwaziri mkuu. Barua aliyomwandikia Rais Kikwete inakuja baada ya hayo.

Haki ya kusikilizwa ni hoja nzito, na mwanasheria yeyote angeisimamia. Ila ni hoja ya mtu anayebaki kupambana. Katika hotuba ya kuondoka, lolote utakalolitanguliza msikilizaji atalichukua kuwa ndiyo sababu yako. Angetangaza kujiuzulu kwanza, lalamiko lingebaki maelezo ya pembeni, na pengine lingeaminika zaidi. Alipougeuza mpangilio huo, kujiuzulu kwenyewe kukawa kielelezo cha kesi yake. Halafu ile kauli ya uwaziri mkuu ikapigilia msumari: kosa likahama kutoka kwenye mkataba wa umeme wa dharura, likaenda kwa wanaokitamani kiti. Mtu aliyekaa gizani mwaka 2006, bwawa la umeme la Mtera lilipopungukiwa maji, hapo hayumo tena.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alijua kwamba anayeondoka hatangulizi lalamiko. Mwaka 1977, watuhumiwa walipokuwa wamefia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani, na hakuna aliyedai kwamba yeye mwenyewe alimgusa mtu. Angekuwa na lalamiko zuri kuliko la Lowassa. Hakulitanguliza. Miaka 8 baadaye alikuwa Ikulu, Rais.

Anayetaka kujifunza mpangilio wa kuondoka namshauri aache hotuba kidogo, amsome Sara Teasdale, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1918, vita vikiendelea, shairi juu ya mvua laini za masika. Beti sita, mistari miwili miwili. Beti tatu za mwanzo ni mvua, vyura, mbayuwayu na miti inayochanua. Dalili pekee ya binadamu ni waya wa uzio ambao ndege wametua juu yake wakipiga miluzi. Vita vinatajwa katika ubeti wa nne, na hapo ndipo tunang'amua kwamba wenye uzio huenda hawapo. Masika hayana habari nao. Mshairi halii wala hadai haki ya kusikilizwa. Kinachoendelea kuishi kimepewa nafasi ya mbele, anayetoweka amewekwa nyuma.

Kwa mpangilio huo, hotuba ya Dodoma ingefunguliwa na serikali inayobaki, umeme unaodaiwa na Bunge lililofanya kazi yake. Lowassa angekuja mwishoni, kwa sentensi mbili. Badala yake alijiweka katikati, akabaki hapo.

Ndiyo maana siwaelewi walioshangaa Julai 2015 alipohamia Chadema, wala Oktoba alipopata kura za urais zaidi ya milioni 6. Ile haikuwa hotuba ya kuaga. Alikuwa anakata rufaa, na alipoenguliwa kwenye mchujo wa mgombea urais wa CCM aliipeleka kwa wapiga kura.