Nani Bora? Waimbaji Wanawake wa Taarab wa Mwongo wa 1990 na Sikio la Ibaba

Hapana mjadala wa taarab uliorefuka kuliko huu: katika mwongo wa 1990, ni mwanamke gani aliyeimba akawashinda wenziwe? Katika baraza za Unguja hutajwa Rukia Ramadhani. Dar es Salaam hutajwa Khadija Kopa, na jina lake halijatua chini mwengine huinuka kumtaja Nasma Khamis, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Kidogo. Wapenzi wa East African Melody humleta Sabah Salum. Mombasa humtaja Malika, na akishatajwa hawataki tena mashauri. Si ajabu kuwa watu hawakubaliani. La ajabu ni kuwa kila mmoja hupima kwa pishi yake, akidhani mwenziwe anapima kwa pishi hiyo hiyo.

Ubishi wa namna hii si wa pwani peke yake. Waingereza hawajachoka kubishana juu ya waimbaji wao wanawake wa miaka ya 1960: yuko anayemweka juu Dusty Springfield, yuko anayeapa kwa jina la Shirley Bassey, na yuko anayekumbusha kuwa ni Sandie Shaw aliyewapa ushindi wa mashindano ya Eurovision mwaka 1967. Wao walikuwa na orodha za mauzo ya santuri zilizochapishwa kila wiki, na hata hivyo ubishi haukwisha, kwani orodha huonyesha kilichonunuliwa, basi. Kwetu hapakuwa na orodha. Kipimo kilichokuwako ni kutunza: mtu huinuka kitini, huenda mbele kwa madaha, humpa mwimbaji noti, hurudi akiwa ametazamwa na ukumbi mzima. Wengi wamechukulia wingi wa noti kuwa ndio hukumu. Lakini mwenye kutunza aghalabu hamsifu mwimbaji. Anampelekea ujumbe mtu aliyekaa safu ya tatu, na noti ni muhuri wa ujumbe huo. Anayehesabu noti anahesabu ugomvi wa mtaa.

Mwongo wa 1990 ulikikuza kipimo hicho kupita kiasi. Tanzania One Theatre, yaani TOT, kikundi cha Chama Cha Mapinduzi kilichoongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, vilikuwa vikundi vya Dar es Salaam vyenye kuchanganya ngoma, maigizo na taarab katika onyesho moja. Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club ya Zanzibar akawa sauti ya TOT. Nasma akawa sauti ya Muungano. Wimbo ukajibiwa kwa wimbo, na jina la mipasho likaenea. Wazee waliosikitika kuwa taarab imeingiliwa na matusi walisahau mambo ya Sahib el-Ary na Nuru el-Uyun, vikundi vya wanawake wa Unguja vilivyorushiana maneno makali kabla ya Mapinduzi ya 1964. Ukali haukuwa mpya. Mpya ilikuwa ni kinanda cha umeme, na mpya zaidi ni kuwa ugomvi wa ukumbi mmoja uliingia katika kaseti ukasafiri.

Safari hiyo ndiyo inayostahiki kuchunguzwa. Ibaba iko katika nyanda za juu za Ileje, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Mbeya hadi ulipoundwa mkoa wa Songwe mwaka 2016. Ni nchi ya milima na baridi, mpaka wa Malawi hauko mbali, na katika wilaya hiyo Kiswahili ni lugha iliyopokewa shuleni, sokoni na redioni, juu ya Kindali na Kilambya za nyumbani. Katika mwongo wa 1990 njia ya taarab kufika huko ilikuwa ni mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, au kaseti iliyopakiwa garini huko Tunduma. Kilichofika ni sauti na maneno. Kanga, noti, na yule mtu wa safu ya tatu vyote vilibaki Dar es Salaam.

Wako pwani wanaodai kuwa msikilizaji wa namna hiyo hana haki ya kuhukumu taarab, kwa kuwa hajui nani anasemwa. Dai hilo lina kiburi, tena lina kosa. Msikilizaji wa pwani husikia nusu ya neno akajaza nusu ya pili kwa umbea alioujua tangu jana. Mwenye kusikiliza Ibaba hana cha kujazia. Neno lililomezwa limempotea, na beti lililosimama juu ya umbea humwangukia. Kwa hiyo yeye ni hakimu mkali kuliko yeyote wa ukumbini. Wala asidhaniwe kuwa fumbo ni geni kwake: hakuna kijiji cha wake wenza na mawifi kisichojua kusema jambo kwa kulizunguka.

Chukua "Sanamu la Michelini", wimbo wa Muungano uliofahamika Dar es Salaam kuwa ulimlenga Khadija Kopa kwa sababu ya unene wake. Ukumbini ulichekesha kwa kuwa mlengwa alikuwa anaonekana. Redioni mlengwa haonekani. Msikilizaji wa Ileje, ambaye huenda amewahi kuiona alama ya kampuni hiyo kwenye magurudumu ya malori yanayopanga foleni Tunduma, anabaki na kichekesho juu ya tangazo la magurudumu. Nasma aliuimba kwa ustadi, hilo halikanushiki. Ana wepesi na makali ambayo Kopa hanayo. Lakini ustadi huo ulitumika katika shabaha iliyoonekana na waliokuwapo tu.

Siti binti Saad alilitatua jambo hili mapema. Santuri zake za tangu 1928, zilizoanza kutiwa sauti Bombay, zilichezwa mbali sana na Ng'ambo, kwa watu wasiomjua hata mtu mmoja wa huko. Wimbo wake wa "Kijiti" wahusu kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wengine. Asiyejua kisa anakijua kwa kuusikiliza. Wimbo umejibebea habari zake wenyewe, kama msafiri aliyefunga masurufu yake.

Kwa kipimo hicho basi, nani bora? Jibu litawaudhi baadhi ya wapenzi wa taarab ya asili: ni Khadija Kopa. Rukia Ramadhani ana sauti iliyotulia na kusafika kuliko wote waliotajwa, na anapoizungusha irabu juu ya fidla na kanuni husikika shule nzima ya Unguja. Lakini mzunguko huo mara nyingine huufunika mshororo. Kina cha kati huyeyuka. Vipande viwili vya mizani nane nane huwa kitu kimoja kirefu, kitamu, kisichoshikika. Aliyekwisha kulijua shairi hana hasara. Asiyelijua amesikia uzuri wa sauti, shairi limempita. Sabah Salum ni mtulivu wa mahaba, na katika mahaba humzidi Kopa kwa mbali. Nje ya mahaba hana nafasi kubwa.

Kopa hufanya jambo ambalo wahakiki wamelidharau kwa kuwa laonekana jepesi: hutamka. Sauti yake ni nzito, ya kifuani, nayo hukaa juu ya kila silabi mpaka imekwisha. Hupumua penye kituo cha mshairi, si penye haja ya mapafu yake. Kiitikio kinaporudi, neno lile lile hulitia uzito mpya, hata asiyejua nani anasemwa akajua kuwa kuna mtu anasemwa, na kuwa yamemfika. Nyimbo zake zilizokuwa majibu ya ugomvi wa vikundi zimechakaa, kama za Nasma zilivyochakaa. Zile za ndoa, jirani na hasidi zinasimama, kwa kuwa hasidi yuko Ibaba kama alivyo Makunduchi.

Pingamizi moja lina nguvu. Msikilizaji wa mbali hukosa maana ya pili ya neno, ile inayotegemea mitaa na mila ya mji, na taarab bila maana ya pili imepoteza nusu ya mali yake. Ni kweli. Lakini mwimbaji hawezi kuhukumiwa kwa mali ya mshairi. Na hapo pana dhuluma inayostahiki kusemwa: katika kaseti nyingi za mwongo ule, jalada lilichapa picha ya mwimbaji na jina la kikundi, na mtunzi wa maneno hakutajwa popote. Watu wamebishana miaka zaidi ya ishirini juu ya nani aliimba vizuri zaidi, na wachache waliouliza ni nani aliyeyapima maneno yale mizani hata yakaimbika.

Mwaka 2020 Khadija Kopa alisikika tena, safari hii pembeni ya binti yake Zuchu, katika wimbo wa "Mauzauza". Muziki ni wa vijana, na kaseti imekwisha kupisha simu. Mama anapoingia, sauti ni ile ile nzito, na neno halijaachwa mpaka limekwisha.