Nyumba ya Kupanga na Hoteli ya Fahari

Msafiri aliyepata kuviona vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, na ng'ombe wake, na jibini yake iliwayo hadi Kinshasa, hakosi kujiuliza kama siku ya amani mgeni mwenye uwezo angelazwa huko katika nyumba ya shamba iliyopangishwa nzima, au katika hoteli ya fahari. Jibu lataka kwanza tutazame mahali ambapo njia hizo mbili zimekaa jirani kwa muda mrefu, nako ni Shela, kisiwani Lamu, ambako Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na ambako nyumba za matumbawe na chokaa, zenye boriti za mikoko, hupangishwa kwa siku au kwa juma.

Nyumba ya Shela aghalabu haipangishwi tupu, bali pamoja na mpishi wake na mtumishi wake; na mpishi huyo humwuliza mgeni asubuhi atakula nini, ndipo aende kwa wavuvi, hata saa ya chakula ikawa ni ya mgeni mwenyewe, na stara ya jamaa isivunjwe na macho ya watu ukumbini. Hapo hoteli haifui dafu, maana jiko lake, lijapokuwa na ustadi, limefungwa na saa kwa kuwa lalisha wengi kwa pamoja.

Nguvu ya hoteli imo katika mambo asiyoyaona mgeni. Kanuni ya kazi hiyo ni kila kitanda kiwe na shuka za zamu tatu, za kitandani, za kwa dobi na za ghalani. Na watu na mitambo hupangwa vivyo hivyo, hata mpishi akiugua yuko wa pili, na umeme ukikatika saa nane ya usiku yuko mtu wa zamu mwenye ufunguo wa jenereta. Nyumba yenye mtumishi mmoja haina wa pili, na kwa rai yangu hiyo ndiyo aibu yake kubwa, ambayo dawa yake ni kuziweka nyumba kadhaa chini ya msimamizi mmoja, zishirikiane fundi na akiba ya vifaa.

Kwetu, Masisi na Walikale, jambo hili la kuwa na akiba ni zito zaidi. Barabara ipandayo Masisi kutoka mji wa Sake hugeuka tope wakati wa masika, na Walikale, ndani ya msitu, ndege za mizigo zimepata kutua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo. Hoteli ya huko ingelazimika kujenga ghala kabla ya vyumba, ilhali nyumba hupata kwa majirani maziwa na viazi vya Masisi, au sombe, mawese na samaki wa Walikale.

Lakini Masisi-kati ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale-kati mwezi Machi, na watu wetu wengi ni wakimbizi waliopokewa katika nyumba za wenzao waliokuwa na chumba kimoja tu. Wenyeji hao ndio waliotangulia kuutimiza ukarimu ninaouchambua hapa, wala hawakulipwa.

Siku ya amani ikifika, wenye mashamba wanne au watano wa Mushaki, huko Masisi, wasianze na vitanda vya thamani, bali wamwajiri msimamizi mmoja, wamkabidhi jenereta ya akiba, vipuri vya pampu, shuka za zamu ya tatu na daftari la zamu za usiku lenye majina, kisha kila jiko waliache mikononi mwa mama mwenye nyumba.