Ngozi Kabla ya Hina: Namna ya Kumpima Msingaji

Hina ya bibi harusi ikitoka na mabaka, lawama humwangukia mchoraji. Mara nyingi kosa si lake. Rangi ya hina hushika kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kukauka. Likiwa na taka, mafuta au mikwaruzo, hakuna mkono wa kuchora utakaoliokoa. Kwa hiyo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni au Changamwe, mwenye binti wa kuolewa atafute msingaji kwanza, mchoraji baadaye. Na ajue kumpima.

Anza na singo yenyewe, ule unga wa kusugulia mwili. Omba kuishika kabla haijaroweshwa. Kila nyumba ina mchanganyiko wake: mawaridi makavu, liwa, dalia, manjano, mrehani, karafuu. Mimi sigombani na mapishi, nagombana na usagaji. Isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikikukwaruza, haikuchekechwa kwa kitambaa, na chembe zile zitaichana ngozi michirizi usiyoiona mpaka hina ikolee hapa na kufifia pale. Karafuu ikizidi huwasha. Manjano yakizidi hubaki kwenye kingo za kucha na kuichafua rangi. Ndimu isiwemo kabisa: mahali pake ni kwenye hina. Maji ya ndimu yakibaki ngozini na jua la Mombasa likayapiga, huweza kuacha malengelenge, kisha madoa meusi ya wiki nyingi.

Liwa, yaani msandali, ndiyo inayomtenga fundi na mwuza unga. Fundi hukisaga kipande cha mti juu ya jiwe la msio, kwa matone ya marashi, polepole, mpaka utoke uji mzito, laini, usio na chembe. Ni kazi ya kuumiza kifundo cha mkono, na ndiyo maana wengi wameiacha. Wanawake wa Ngazija na Madagaska nao husaga mti wa manukato juu ya jiwe na kujipaka usoni. Wa Ngazija huuita msindzano, wa Madagaska masonjoany. Unga wa pakiti huenda ukawa vumbi la mbao lililotiwa manukato ya chupa: hupiga pua ukifungua, na baada ya saa moja umenyamaza. Mwulize pia mti wake umetoka wapi. Kuvuna msandali wa kwetu kumepigwa marufuku Kenya tangu 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Sasa tazama mkono. Msingaji mzuri hana haraka. Hupaka, husubiri singo ikauke nusu, kisha husugua kwa kiganja kutoka kifundo cha mguu kupanda juu. Singo hung'oka katika vijiuzi vyembamba, na hivyo ndivyo vya kuchunguzwa. Kusinga ni kazi ya siku kadhaa: siku ya kwanza huwa vya kijivu, kwa sababu vimebeba taka. Siku zikienda hurudi kwenye rangi ya singo yenyewe, na hapo ngozi imetosheka. Anayeendelea kusugua baada ya hapo anachubua ngozi nzima. Kisha angalia pale wavivu wanaporuka: viwiko, magoti, vifundo vya vidole, na magaga ya kisigino. Magaga hayaondoki kwa siku moja, na anayeahidi hivyo atachukua wembe. Mzuie. Viganja na nyayo hushika hina kwa kina kuliko mwili wote kwa sababu ngozi yake ni nene. Ukiikwangua umeitupa nafasi bora ya rangi.

Sikiliza anavyouliza habari ya maji. Nyumba nyingi za Likoni na Kisauni huogea maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na masalio yake hubaki mwilini. Anayeijua kazi huagiza dumu la maji matamu kwa kusuuza mara ya mwisho. Nywele za mikono na miguu atataka zitolewe siku mbili tatu kabla, si asubuhi ile ile. Mafuta ya nazi ataruhusu siku za mwanzo, lakini siku ya hina hakuna mafuta wala losheni. Na hina itiwe siku mbili kabla ya harusi, maana rangi huendelea kuiva kwa saa 24 hadi 48.

Wapo mabibi harusi wanaopitia kwanza kliniki ya ngozi, kwa mashine ya sindano ndogo zinazopeleka joto la mawimbi ya redio chini ya ngozi. Ngozi iliyodungwa hivyo ni kidonda mpaka ipone, haisingwi mpaka daktari aruhusu. Msingaji asiyeuliza umepakwa nini, umedungwa wapi na una vipele gani, bado hajaiva.

Akikuahidi weupe, toka. Singo haibadilishi rangi ya mtu. Ngozi nyeusi iliyosingwa vyema hung'aa katika weusi wake, na hakuna urembo unaoupita huo. Weupe wa siku chache umetoka kwenye mkorogo: zebaki inayoharibu figo, haidrokwinoni, au krimu za steroidi zinazoikondesha ngozi. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imevipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, na bado vinauzwa. Vivyo hivyo weusi wa piko wa saa moja. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo Ulaya huiruhusu kwenye nywele tu, kwa kiasi kisichozidi asilimia 2. Ngozini huweza kuunguza na kuacha mzio wa maisha.

Kabla mchoraji hajafungua koni yake, pitisha kidole nyuma ya kiganja cha bibi harusi. Kisipoteleza, ngozi iko tayari. Kikiteleza, mafuta bado yapo: arudi bafuni na sabuni na lile dumu la maji matamu, ajikaushe vizuri, na mchoraji asubiri.